Marlys Ameshika Makasia

Saa moja asubuhi, mwezi wa kumi, ukungu bado umelala juu ya Mto Chippewa. Orrin Tveit anabandua barafu kwa ukucha kwenye ufito wa kuvulia, kisha anaurudisha kwa mteja wake. Anatumia mkono wa kushoto. Wa kulia umekaa mfukoni. Mdomo haupumziki.

"Tupa karibu na gogo, Gus! Karibu! Unamtupia nani huko katikati?"

"Nimekusikia, bwana. Nimekusikia tangu msimu wa kwanza," anajibu Gus Wojcik, fundi bomba kutoka Milwaukee, aliyesimama mbele ya boti.

Kati yao, kwenye makasia, amekaa Marlys, mke wa Orrin. Macho yake yako mtoni.

Orrin ana miaka sitini na moja, na tangu ujana kazi yake ni kupeleka watu kuvua maski hapa kaskazini mwa Wisconsin. Maski ni samaki mrefu, mdomo umejaa meno, na ana dharau. Hukifuata chambo mpaka ubavuni mwa boti, akakitazama, akaenda zake. Gus huu ni msimu wake wa tano. Hajashika hata mmoja.

Vyambo anavifunga Orrin mwenyewe kwa manyoya ya mkia wa kulungu, kila kimoja kirefu kama kiganja na nusu.

Novemba iliyopita alikuwa akiivuta boti kuipandisha kwenye trela, bega la kulia likakatika ndani. Akapasuliwa.

"Daktari aliniambia makasia basi," anamwambia mwandishi wa habari hii. "Nikaenda kukaa kwenye gari, nikalia. Andika hivyo hivyo."

Majira yale ya baridi hakukata kuni hata kipande; majirani walimkatia. Kila theluji ilipoanguka, mtu alishapita kuizoa mlangoni kabla hajaamka. Kila Ijumaa, sahani ya samaki wa kukaanga ilitoka baa ikafika kwake ikiwa ya moto. Wawindaji walipomaliza msimu wao, walimwachia mikia ya kulungu kwenye mifuko ya chakula cha ng'ombe.

"Sikumwomba mtu. Nafungua mlango, nakuta mfuko. Hakuna jina. Sasa hapo unamshukuru nani? Unaishukuru barabara nzima."

Alifunga vyambo kwa mkono mmoja, Marlys akimshikia uzi. Lakini bila mtu wa makasia, vyambo havina kazi. Theluji ilipoyeyuka, Orrin akatundika kwenye boti kibao cha kuuza.

"Nikakifanya kuni za jiko," anasema Marlys. Aliendesha basi la shule miaka ishirini na miwili. "Nilikuwa narudisha nyuma basi lenye watoto arobaini juu ya barafu. Boti ni nini?"

Wateja hawakuona hivyo. Waliposikia mama ndiye atakayepiga makasia, walisema watapiga simu. Kiangazi chote boti ilitoka mara tatu. Mume na mke wakakubaliana: Oktoba ikiisha hivyo, wanauza. Safari hii ya Gus ndiyo ya mwisho kabla mto haujaganda.

Saa nne hivi, chini ya mkondo wa mawe, Gus anavuta mshipi na nyuma ya chambo kunatokea kivuli kirefu cha kijani.

"Huyo! Zungusha! Chora nane!" Orrin anapiga kelele.

Gus anachovya ncha ya ufito majini na kuchora namba nane ubavuni mwa boti, chambo kikifuata. Maski anageuka nacho mara moja. Mara mbili.

"Marlys, kushoto! Tunaenda kwenye jiwe!"

Marlys anaigeuza boti kulia, kisha anavuta makasia yote mawili kurudi nyuma. Boti inasimama kando ya jiwe, mahali maji yametulia. Kushoto wangegonga. Mzunguko wa tatu, maski anafungua mdomo.

"Usinyanyue ufito! Vuta mshipi! Kwa mkono!"

Mwaka jana Gus alinyanyua, ndoana ikachomoka. Safari hii anavuta mshipi kama anavuta mlango uliokwama. Maji yanalipuka.

Orrin anamkinga samaki kwa wavu, kwa mkono wa kushoto, akitukana. Samaki ana urefu wa mtoto wa miaka mitano. Wanamwacha majini ndani ya wavu, wanamtoa ndoana, Gus anamshika mkia mpaka anapata nguvu na kujiendea. Gus anabaki ameangalia viganja vyake.

"Nilisema kushoto," Orrin anamwambia mkewe, taratibu.

"Nilikusikia," anasema Marlys.

Jioni, boti ikiwa juu ya trela, Gus anamimina brandi kidogo kwenye kahawa.

"Mwakani nataka siku nne. Na wenzangu wawili wanakuja, nimeshawapigia."

"Nitakuwekea siku nzuri," anasema Orrin.

"Sisemi na wewe. Nasema na shemeji. Wewe ukitaka, njoo upige kelele."

Orrin anacheka, kisha anajipangusa macho na kuisingizia baridi. Kibao kingine hatatundika. Majira haya ya baridi atapaka rangi mlango wa gari lake, ambao una jina lake peke yake.

"La Marlys litatangulia," anasema. "Ndiye dereva."

"Na utaandika kwa mkono upi?" anauliza Marlys.

"Wa kushoto. Herufi zitalala upande, lakini zitasomeka."