Mawe ya Kijani katika Shimo la Choo

Nina shahada ya uchumi, jambo ambalo mke wangu hulikumbuka pale tu ninaponunua nyanya mbovu. Kwa shahada hiyo nilipanga maisha ya binti yetu. Ana miaka kumi na tisa na akili yake ina mwendo wake. Hajui kusoma saa, hawezi kuachwa peke yake na moto, na sisi wazazi hatutaishi milele. Basi nyuma ya nyumba yetu, hapa Manika, tukaanza kujenga vyumba viwili vya kupangisha. Kodi ingemlisha yeye na yeyote atakayemtunza.

Matofali hayakunisumbua. Kilichonisumbua ni sahihi ya kaka yangu. Kwetu baba akifa, ndugu zake hufika matangani na mikeka, na baada ya wiki mbili mikeka ipo, mjane hayupo. Nilitaka familia iandike kwamba parseli, kiwanja chote pamoja na vyumba, ni ya binti. Kaka, mchuuzi wa mahindi kule Lubudi, ndiye mkubwa wetu. Bila yeye karatasi ile ingefaa kufungia karanga. Mwaka mzima alikuwa na udhuru: mara mahindi yameloa, mara miwani imevunjika.

Kisha tukachimba shimo la choo. Siku ya tatu fundi alitoka mle na mawe mawili ya kijani, rangi ya madini ya shaba, akinong'ona kama mwizi. Katika mji huu wa migodi watu wamevunja sakafu za sebule zao kwa dalili ndogo kuliko hiyo. Kufikia adhuhuri majirani watatu walikuwa wameshakuja kuomba chumvi. Kesho yake kaka alishuka kwenye pikipiki ya taxi-moto, miwani mizima usoni.

"Mudogo," alisema akichungulia shimo, "hii parseli ni ya famille. Haiko ya mutoto moja."

Ningependa kuandika kwamba nilimkemea. Lakini nilikuwa ndani ya shimo, na suruali yangu ya ofisini, na kichwani nilikuwa nimeshamjengea binti vyumba ishirini. Tulichimba siku mbili, msomi na mchuuzi, tukapata mawe saba mengine, yote katika udongo wa juu uliolegea. Mtu mwenye shahada angejiuliza kwa nini. Mke wangu alituletea maji, akatutazama, akarudi jikoni.

Tulibeba mawe yetu tisa na gunia la udongo hadi kwa mnunuzi wa madini. Akapima mawe, akachambua udongo kwa vidole, akacheka.

"Ba tata, mabwe iko mazuri. Lakini huu bulongo ni bulongo tu. Hii mabwe ilitoka fasi ingine."

Nyumbani kaka alijitupa kitini. "Mi naacha mahindi yangu Lubudi juu ya shimo ya choo!"

Mke wangu akamwekea bukari, ugali wetu, na samaki, na kando ya sahani, karatasi ile na kalamu. "Tata mukubwa, kama haina kitu, weka sinyatire basi. Nani atapigana na weye juu ya choo?"

"Leta! Mutoto abakie na choo yake."

Akatia sahihi kabla hata ya kunawa mikono.

Wino ulipokauka, mke wangu aliingia ndani, akarudi na kopo tupu la maziwa ya unga. Nililijua kopo lile. Binti yetu huokota mawe yanayodondoka kutoka kwenye malori ya madini na kuyaweka humo.

"Aliyamwanga mu shimo wakati fundi alienda kula," alisema. "Anapenda kusikia vile inaanguka."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Mulikuwa munachimba muzuri. Fundi alikuwa anaomba tumulipe makuta ya kuongeza shimo."

Kaka alikohoa mpaka nikadhani ni mwiba wa samaki. Binti alikuwa ameshachukua kopo na kusimama mbele yake, mkono wazi. Kaka akatoa mfukoni mawe tuliyorudi nayo, moja baada ya jingine, na binti akayahesabu: "Moja. Moja. Moja." Jiwe la tisa kaka alilifumba kiganjani.

"Hii moja ni ya tata mukubwa, kweli?"

"Hapana. Yangu."

Mkono haukushuka. Kaka akaitazama karatasi, akanitazama mimi, kisha akalitia jiwe koponi.