Sauti Iliyobaki Chumbani

Mimi niliishia darasa la tatu, lakini mjukuu wangu anaongea na Wazungu kutoka chumba changu cha nyuma hapa Dunga, kile nilichokuwa naweka magunia ya omena, dagaa wa ziwani. Naringa naye. Kanisani wakiniuliza msichana anafanya kazi wapi, nasema: kwangu.

Kazi yake ni kuitika. Mtu wa mbali anapiga simu, hoteli imempa chumba kibovu, yeye anamtuliza. Nilimwonya mapema. Sisi tulilelewa hapa ziwani tukiambiwa, ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, nyamaza kwanza.

"Dani," akasema, ndivyo wajukuu kwetu wanavyomwita bibi, "nikinyamaza watanifuta kazi." Akacheka.

Kicheko hicho ni cha mama yake, binti yangu niliyemzika. Kinaanzia puani, kinakatika, halafu kinarudi. Kwa binti yangu nilikuwa nimebaki na hicho tu.

Shida ni kwamba kazi yenyewe haikuwa na saa ya kutoka. Anakula akiitika. Tukiomba, anaitika. Nikamwambia ofisi za mjini zinafungwa jioni, hii yako nani ataifunga? Akasema kuna ujuzi mpya anajifunza, karibu atapumzika.

Mchana mmoja, jua kali, alikuja ufuoni kunisaidia kugeuza omena kwenye nyavu. Nilifurahi kumwona nje. Nikamwacha hapo, nikarudi nyumbani kuchukua ungo. Nikiwa mlangoni nikamsikia chumbani. Anaongea Kizungu, polepole, na adabu yake yote. Kisha akacheka. Kicheko kikaanzia puani, kikakatika, kikarudi.

Nikafungua mlango. Kiti kilikuwa kitupu, leso yake imetupwa juu yake. Kompyuta ndiyo ilikuwa inacheka.

Sikupiga kelele. Nilikaa sakafuni nikaisikiliza. Alipokuja kunitafuta alinikuta hapo hapo.

"Dani, usiogope. Hiyo ni sauti yangu. Wakubwa wa kazini waliniomba niwasomee maneno, wakafundisha mashine. Yenyewe inashika simu za wenye shida ndogo. Mimi nabaki na wale wanaolia."

"Na kicheko?"

Akaangalia leso. "Walisema nicheke kidogo."

"Hicho hakikuwa chako peke yako cha kupeana."

Jioni hiyo aliketi kwenye kompyuta. Akawaandikia wakitoe kicheko, nao wakasema wataangalia. Sisi tukaweka sheria yetu: chakula kikiwa mezani, mlango wa chumba unafungwa. Na akinihitaji asiniite kutoka ndani. Aje mpaka nione uso wake.

Wiki iliyopita tulikuwa tunakula, ameketi mbele yangu, mdomo umejaa ugali. Kule chumbani sauti yake ikasema, taratibu, "Dani."

Tukatazamana. Akameza.

"Hilo nalo uliwasomea?"

"Hapana, Dani. Niliwasomea Kizungu tu."

Ikaita tena. Nikaona midomo yake inafunguka, maana amezoea, nikamshika mkono juu ya meza. "Nyamaza kwanza, nyathina, mtoto wangu," nikamwambia.

Akanyamaza. Mlango ulikuwa umefungwa, hakuna kilichosogea. Kisha kule ndani ikacheka, puani, ikakatika, na kabla kicheko hakijarudi nilikuwa nimeshasimama, mimi mwenyewe, mdomo wazi, karibu niitike.