Mtafsiri wa sinema aliyemrudishia jirani sauti yake

Saa tatu asubuhi mtaani Kapsoya, mjini Eldoret, na jemadari wa Kichina anakaribia kukatwa kichwa.

"Ngoja kwanza!" anapaza sauti Lusweti Wafula, akiwa peke yake ndani ya chumba kidogo, godoro limeegemezwa mlangoni kuzuia kelele za bodaboda. "Hata kuku hupewa maji kabla achinjwe!"

Anabonyeza kitufe, anasikiliza alichorekodi, anacheka mwenyewe, kisha anarudia.

Lusweti, 35, hutafsiri sinema za kigeni kwa Kiswahili. Yeye ndiye shujaa, ndiye mpenzi wa shujaa, ndiye farasi. Sinema moja humchukua siku mbili, naye huiuza kwa shilingi hamsini, mteja akija na flashi yake. Mashabiki wake wengi ni vinyozi, mafundi wa pikipiki na akina mama wa saluni.

"Wananiambia, 'Hii si kutafsiri, unatudanganya tu vizuri,'" asema.

Kipaji hicho cha kuiga sauti alikigundua siku mbaya. Januari 2008, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, alikuwa kijana wa miaka kumi na saba akikamua ng'ombe katika shamba moja Moiben. Akitembea kwenda mjini kumtafuta mamake, Rosebella, alifika kwenye kizuizi cha vijana wenye silaha. Kila aliyepita alipimwa kabila kwa ulimi: sema kitu tukusikie.

Lusweti, ambaye ni Mbukusu, alijibu kwa Kinandi, kwa sauti ile ile ya Kipyego, mkamuaji mwenzake aliyemfundisha lugha hiyo wakiwa zizini. Wakampisha.

"Nyuma yangu kulikuwa na mzee mmoja. Sikugeuka kuangalia," asema.

Mtu aliyeokolewa na matamshi angetarajiwa kuyachunga ya wenzake. Lusweti hakuyachunga.

Miaka sita iliyopita alihitaji sauti ya jambazi. Akachukua ya jirani yake Abdikadir Noor, mwenye duka, Msomali mzaliwa wa Isiolo, ambaye herufi "p" humponyoka ikawa "b". Jambazi huyo wa kusema "bolebole" akapendwa kuliko mashujaa wote. Lusweti akamtia katika kila sinema na kumwita Kamanda.

Wateja wakaanza kuingia dukani wakisema, "Bolebole, Kamanda!" Abdikadir alicheka nao. Baadaye akaacha kucheka. Mwishowe akaacha kuongea. Aliandika bei kwenye vipande vya katoni, na mteja akiuliza, alinyoosha kidole.

"Hata nyumbani alikuwa hivyo," asema mkewe, Fatuma. "Watoto wakaniuliza, baba ni mgonjwa?"

Mwaka jana mambo yakaharibika. Siku moja baada ya runinga kuonyesha habari za shambulio la kigaidi, vijana watatu waliingia dukani. "Kamanda, bomu umeficha wapi?" Walikuwa wakicheka. Wakapasua gunia la mchele kwa kisu, eti kuangalia tu.

Lusweti alisikia kicheko, akatoka na kikombe chake cha chai mkononi. Alimkuta Abdikadir amepiga magoti, anazoa mchele.

"Nilimwambia pole. Hakunijibu. Fatuma ndiye alinijibu. Akasema, 'Hao hawamjui Abdikadir. Wanamjua yule wako.'"

Kesho yake alirudi kuomba msamaha. "Nilimwambia, 'Mzee, hiyo sauti niliiba.' Akaniuliza, 'Kwa nini yangu? Kwa nini si yako?'"

Swali hilo lilimpa Lusweti kazi ya miezi minne. Alirekodi upya sinema kumi na tisa zilizopendwa zaidi. Siku hizi majambazi wote huongea kama yeye mwenyewe, lafudhi ya Kibukusu ikisikika waziwazi. Karibu nusu ya wateja walimkimbia wakidai Kamanda wao. Mamake, Rosebella, naye ana lalamiko lake: "Huyo mwizi anaongea kama mjomba wako wa Kimilili!"

Ilichukua wiki kadhaa kabla ya Abdikadir kuanza tena kupiga gumzo na wateja.

"Nimepiga kura hapa Eldoret mara nne," asema. "Lakini nikifungua mdomo, mtu ananiuliza nimetoka wapi. Siku hizi na mimi namuuliza: na wewe je?"

Desemba, Lusweti anapanga kupiga sinema yake ya kwanza, hapo hapo mtaani, kwa simu yake. Kila mtu ataongea kwa sauti yake mwenyewe. Jeruto wa saluni amekubali kuwa mkuu wa polisi. Nderitu, fundi wa pikipiki, atakuwa jambazi, "kwa sababu ameomba mwenyewe, tena kwa fujo."

Abdikadir naye aliombwa aigize, wiki mbili zikapita. Jumatatu hii akamwita Lusweti dukani.

"Nitakuja," akasema. "Lakini mimi ni yule anaoa mwishoni."

Nyuma ya rafu za sabuni, Fatuma akauliza, "Anaoa nani?"

"Hapo," asema Lusweti, "bado tunaandika."