Kombora letu lilifuata jua Kitendaguro, lawama akabebeshwa koplo

Wakuu, amani kwenu.

Ule uzi wa droni na makombora umenipandisha hasira. Mnabishana kwamba silaha inayojiongoza haikosei. Haikosei?

Ngojeni niwape nilichokiona kwa macho yangu, sikuhadithiwa.

Vita vya Kagera vilinikuta Muleba, mgambo, nina mke na kahawa yangu. Nikapelekwa Bukoba kumsaidia Koplo Kaijage, mtu wa Kashozi. Yeye ndiye aliyesomea kombora la begani, zile heat-seeking. Linafuata joto la injini ya ndege.

Tulikaa kilimani Kitendaguro. Kombora tulilopewa lilikuwa moja tu.

Kila siku Kaijage aliniambia: usilielekeze kwenye jua. Mtambo ukiona joto kali unalia tu, kama vile umeona ndege. Na marubani wanalijua hilo vizuri sana.

Asubuhi moja ndege ikatokea ziwani. Mnaoijua Bukoba mnajua jua linachomoza upande huohuo wa ziwa. Rubani alikuja jua likiwa mgongoni kwake, makusudi!

Mtambo ukaanza kulia. Luteni wetu akapiga kelele, "Piga!"

Kaijage akamjibu, "Afande, hilo ni jua. Tuiache ipite, tuipige kwa nyuma."

"Nimesema piga! Unaogopa?"

Kaijage akapiga.

Kombora likaipita ndege, likapanda kulifuata jua mpaka likapotea. Bomu la ndege likaangukia kibanja cha migomba chini yetu. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia alikufa palepale.

Halafu ndege ikageuka kaskazini, ikatuonyesha mkia, injini inawaka wazi kabisa. Sisi tumeshika bomba tupu.

Kaijage alilitupa chini, akalia.

Jioni luteni akaandika kwamba koplo alifyatua bila amri. Nikaitwa na maofisa, wakaniuliza, "Ulisikia amri ikitolewa?"

Nikajibu, "Kulikuwa na kelele, sikusikia vizuri."

Niliogopa, wakuu. Nilisikia kila neno.

Kaijage akavuliwa cheo, akarudishwa Kashozi kulima. Hakuwahi kunisema vibaya. Tukikutana sokoni Bukoba alikuwa ananisalimia vizuri, ananiuliza habari za watoto. Ingekuwa nafuu angenitukana.

Mwezi uliopita tulimzika. Msoma wasifu akasema marehemu "aliondolewa jeshini kwa uzembe". Damu ikanichemka. Nikasimama na fimbo yangu, nikasema yote mbele ya waombolezaji, jina la luteni na uongo wangu.

Mjane wake akaniuliza, "Waitu, ndugu yetu, mbona hukuja akiwa hai?"

Nikaketi chini.

Nilichojifunza: silaha yenye macho yake hudanganywa, kwa hiyo msikilizeni anayeijua, hata kama cheo chake ni kidogo. Na mwenzako akionewa, sema siku hiyohiyo.

Mliowahi kushika mitambo ile, njooni mnikosoe. Wenye matusi pia karibuni, leo sitabisha.