Shangazi Kanze Alipokataa Kurogwa

Miguu ya shangazi yangu Kanze ilikataa kazi mchana kweupe, mbele ya watu, akiwa anaosha sufuria matangani.

Hakujikwaa. Hakuteleza. Aliinama kuchota maji, akataka kuinuka, na kuanzia kiunoni kwenda chini akahisi kama amefungiwa gunia la mchanga.

Akakaa chini. Akajaribu tena.

Wapi.

Kabla watu hawajajua kama wamsaidie au wakimbie, shemeji yake, Kambi, alikuwa ameshakata kesi.

"Huyu karogwa," alisema.

Wala hakuhitaji kumtaja mtu. Macho ya wote yalimwendea Mbeyu.

Mbeyu ni mke mwenza wa Kanze. Ni mtu mzima, kichwa cheupe pe, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Mume wao alipofariki, wanawake hawa wawili walibaki boma moja nje kidogo ya Gongoni, kila mmoja na nyumba yake, na salamu hawapeani. Ugomvi wao ulikuwa wa zamani mno, hata chanzo chake kila mmoja alikisimulia tofauti.

Kwa hiyo kesi ilijipika yenyewe.

Kama wewe si wa huku kwetu, nikueleze. Mzee akitajwa uchawi, hizo si porojo za kupita. Kuna wazee wamekatwa mapanga wakiwa wamelala kwao, kwa sababu tu ya mvi na macho mekundu.

Kambi alitaka Kanze apelekwe Marafa, kwa mganga anayemjua yeye. Vijana nao walishamzunguka Mbeyu, wanamuuliza amefukia nini na amefukia wapi.

Sasa, Kanze alikuwa ameshawahi kupambana na saratani ya titi. Alikatwa titi, akatundikiwa dawa, nywele zikang'oka, zikaota tena. Siku anamaliza matibabu, daktari wake wa Malindi, Daktari Zeina, alimkalisha chini akamwonya. Ugonjwa huu unaweza kurudi na kujificha kwenye mifupa, hata ya mgongo. Mgongo ukimuuma bila kuacha, au miguu ikilegea, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Na mgongo ulikuwa umemuuma kwa wiki kadhaa. Alidhani ni ndoo za maji. Nani asingedhani hivyo?

Pale chini, nguo zimelowa maji ya sufuria, maneno ya daktari yalimjia yote. Aliogopa, tena sana. Lakini alipomwona Mbeyu katikati ya wale vijana, ile hofu ikageuka hasira.

"Mwacheni huyo mama," alisema. "Ugonjwa ni wangu na jina lake nalijua. Ni saratani. Farjallah, lete gari unipeleke Malindi."

Kambi akamwambia hayo si maneno yake, ni uchawi unamsemesha. Mambo ya ukoo huamuliwa na wanaume wa ukoo.

"Shemeji," Kanze akamuuliza, "hii miguu ni ya ukoo?"

Kuna mtu alicheka. Matangani hapo hapo.

Farjallah, jirani mwenye duka, alishasogeza Probox yake. Ila hakuna aliyethubutu kumshika mgonjwa, wasije wakaambukizwa hayo madude. Mbeyu akawapita wale vijana, akamkamata Kanze makwapani, akamnyanyua pamoja na Farjallah.

Kanze akamtazama.

"Panda na wewe," akamwambia. "Ukibaki hapa watakuua."

Njia nzima hawakusemezana. Mbeyu aliipakata ile miguu mapajani. Kanze aliniambia baadaye kwamba aliiona ile mikono ikimshika, lakini kuihisi, aliihisi kwa mbali, kama mtu anagusa nguo ya mwenzio.

Malindi, Daktari Zeina alimchomachoma miguu kwa sindano, akamuuliza kama mkojo unatoka vizuri, akamwambia achezeshe vidole. Vidole vikacheza kidogo.

Hapo daktari akaanza kukimbia.

Alieleza huku anaandaa dawa. Saratani imeingia mfupa wa mgongo, na uvimbe unabana uti wa mgongo, ule unaopeleka amri za kichwa hadi miguuni. Ukibanwa muda mrefu unakufa, na ukifa, basi. Atamdunga dawa ya kupunguza uvimbe, kisha ambulensi impeleke Mombasa akapigwe picha na kuchomwa mionzi.

Kanze akauliza kama atapona.

"Saratani hatutaimaliza, mama," Zeina akasema. "Lakini miguu tunaweza kuipigania."

"Basi tuipiganie."

Mombasa ndiko nilikowakuta. Shangazi alilazwa kifudifudi kwenye mashine, mgongo umechorwa alama kama kitambaa cha fundi. Mionzi ikimwachia, mazoezi yanampokea. Alilia, akatukana, akaendelea. Mbeyu alilala sakafuni kando ya kitanda, hakukubali kuondoka.

Siku niliyowakuta wanagombana kuhusu uji, mmoja anasema ni mzito, mwingine anamwambia anywe, uji hautaki meno, nilijua shangazi yangu amerudi.

Nyumbani ukoo ulikuwa unawangoja. Mbeyu aapishwe kwa mganga, walisema, ijulikane kama ni mchawi.

Kanze alifika mkutanoni kwa miguu yake, anasukuma fremu ya chuma, jasho linamtiririka. Hakuna aliyemsaidia maana alikataza. Akasimama mbele ya Kambi.

"Kama huyu ndiye aliyeniroga," alisema, "basi kaniroga nitembee. Anayetaka kumwapisha aanze na mimi."

Mkutano ukavunjika. Watu walikumbuka ghafla wana mbuzi wa kufunga.

Kambi alikuja baadaye, peke yake, akipitia nyuma ya nyumba. Akazungumzia mvua. Akazungumzia mahindi. Kisha sauti ikashuka.

Mgongo ulikuwa ukimsumbua kwa miezi. Mkojo unatoka kwa shida. Tangu jana mguu mmoja anauburuta. Mganga wa Marafa alishamwambia ni Mbeyu anayemroga, ndiyo maana siku ile matangani hakuwa na shaka hata chembe.

"Hiyo hospitali," akauliza, "na wanaume wanatibiwa?"

Kanze alitamani kumfukuza. Akamtazama Mbeyu, maana mwenye haki ya kufukuza alikuwa yeye.

Mbeyu akajifunga leso kiunoni.

"Mwite Farjallah," alisema. "Nitampeleka mimi."

Ilikuwa saratani ya tezi dume. Kambi alichelewa. Yu hai, anatibiwa, lakini kutembea hatembei tena, na kila anayemtembelea akimnong'oneza habari za wachawi, anamwambia aondoke.

Kanze bado anayo saratani. Bado anatembea. Anasema siku itakayomwangusha itamkuta amesimama.

Wewe uliyewahi kuugua saratani, mgongo ukikuuma bila kukoma, au miguu ikilegea, nenda hospitali leo. Na bibi yako mwenye macho mekundu mwache apike.