Damas Anavyosoma Watu

Damas ni bodaboda wa Chang'ombe, na ukikaa mbele yake na karata mkononi jua umeshavuliwa nguo. Mzee Matonya, fundi viatu, akianza kusifia mvua, hana kitu. Abdulrahim muuza karanga akiacha kutafuna mtaji wake, ana karata nzito. Wao wenyewe wanajua kwamba Damas anajua, na bado wanaliwa.

Shida yake ni mwenza. Kijiweni tunacheza wawili kwa wawili, mwenzako anakaa mkabala na wewe, kuongea marufuku, na wanaofungwa wanainuka kwenye benchi. Miaka sita mwenza wa Damas alikuwa Raphael. Walikuwa na ishara zao kama wachumba wanaoficha wazazi. Mwaka jana Raphael akaenda migodini Geita, akasema miezi mitatu tu. Nafasi yake nimeikalia mimi, Elisha, na Damas huniangalia kama mtu aliyeagiza kuku akaletewa mchicha.

Jumapili iliyopita pointi zilikuwa zimekaribiana, turufu zimeisha. Damas ana saba ya kopa. Inayoila ni ree ya kopa tu, ile yenye A, na haijatoka. Kama ninayo mimi, tumeshinda. Kama wanayo wale, tunainuka.

Akamtazama Abdulrahim. Hatafuni. Akanitazama mimi. Nikakuna sikio.

Akatupa saba.

Abdulrahim akaishusha ree taratibu, kisha akarudi kwenye karanga zake.

Tukainuka. Damas hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Akampigia Raphael, akaweka spika, akamsimulia mchezo mzima.

"Abdulrahim alikuwa anatafuna?"

"Aliacha."

"Sasa saba uliitupaje?"

"Dogo alikuna sikio."

Raphael akacheka mpaka akakohoa. "Hiyo si ishara yangu mimi, kwamba ree ninayo? Huyo kawashwa tu, bwana."

"Mkono ulienda wenyewe." Damas akasogea pembeni, spika akasahau kuizima. "We unarudi lini? Nafasi yako ipo. Huyu anaikalia tu."

 Kule tukasikia mashine inanguruma.

"Mfundishe dogo ishara, Damas."

"Sawa," akasema. "Sawa, sawa." Akakata.

Abiria wa Nzuguni akamwita, Damas akamwambia apande pikipiki ya mwenzake. Akaja kukaa kando yangu, tukasubiri zamu ya kurudi mchezoni. 

"Ukiwa na ree," akasema bila kunitazama, "kohoa, piga miayo, fanya chochote. Sikio liache."