Wifi na Taa Iliyozimika Alasiri

Mtaani walimwita Bi Waya, kwa kuwa hapakuwa na redio wala pasi iliyomshinda, na kwa kuwa ulimi wake nao ulitoa cheche. Mchana alishinda kwenye kibanda chake cha ufundi. Nyumbani alikuwa na sanduku la kutotolea vifaranga alilolibuni mwenyewe: ndani taa ya kupasha joto, juu ya kifuniko chipu ndogo iliyopima joto na kuamua taa iwake au izimike.

Mayai ya kwanza yaliharibika yote. Alipoweka mengine, kipimajoto kinachoweka kumbukumbu kikamwonyesha kwamba kila alasiri joto lilishuka, kisha likapanda kabla hajarudi.

Na alasiri, nyumbani alibaki wifi yake tu, dada mkubwa wa mumewe, aliyehamia kwao baada ya kufiwa. Wifi huyo, siku ya kwanza kuliona sanduku, aliguna. "Kuku wana mama zao. Hii taa nayo ina uchungu gani wa mwana?"

Kikulacho ki nguoni mwako, Bi Waya akajisemea.

"Dada hata swichi ya redio anaiogopa," mumewe alimtetea.

"Wanaoogopa mchana kweupe ndio wa kuchungwa."

Bi Waya akafunga uzi mwembamba kwenye plagi ya sanduku, mtu akiichomoa ukatike. Jioni uzi ulikuwa mzima, lakini joto lilikuwa limeshuka vilevile. Badala ya kutulia, akazidi kumshuku: kumbe huyu mama ni mjanja kuliko alivyodhani! Mezani walipeana chumvi kwa adabu, kila mmoja akimwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni.

Siku moja akafunga kibanda mapema, akaingia kwa mlango wa nyuma akinyata. Wifi alikuwa ameliinamia sanduku, blanketi mkononi.

"Leo nimekukamata, wifi!"

Yule mama aliruka. "Umenikamata na nini? Nafunika mayai yako. Upepo wa dirisha hili unayapiga kila mchana."

"Na jioni unaliondoa blanketi ili nisione?"

"Ili nisisikie huo mdomo! Ule uzi wako niliuona, nikanyamaza. Mwizi gani anayeibia mayai joto?"

Bi Waya alikuwa na jibu kali, ila macho yake yalitua kwenye sanduku. Kitaa cha kijani cha chipu kilikuwa kimewaka, maana yake chipu ilikuwa imeagiza taa iwake. Taa yenyewe ilikuwa imezimika.

Alitoa mita yake ya kupimia umeme. Umeme ulitoka kwenye chipu sawasawa. Relei, ile swichi ya kuwashia taa, ilipopewa umeme moja kwa moja iliitika tak! Basi ubaya ulikuwa katikati, kwenye kidude cha miguu minne ambacho mafundi hukiita opto. Upande mmoja kina kitaa, upande wa pili jicho la kukiona. Amri huvuka kwa mwanga tu, umeme wa relei usije ukaiunguza chipu.

"Liondoe blanketi," akasema. Baada ya muda, tak, taa ikawaka. "Lirudishe." Wakasubiri bega kwa bega, mpaka mayai yalipopoa na kijani kikawaka tena. Taa, kimya.

Ndipo akaelewa. Rizista, kidude cha kupunguza umeme, aliyoiweka kukilinda kile kitaa cha ndani ya opto ilikuwa kubwa kupita kiasi, hivyo kitaa kilibaniwa umeme na kuwaka kwa mwanga hafifu. Hewa ikiwa baridi, jicho liliona kwa shida. Blanketi likifungia joto juu ya kifuniko, mwanga ulizidi kufifia na jicho halikuona kitu. Kosa lilikuwa la mkono wake mwenyewe. Akachomelea rizista ndogo. Blanketi likiwa palepale, taa ikawaka, ikazima, ikawaka.

"Nisamehe, wifi."

"Nitakusamehe. Lakini nikifunika kitu, niulize kwa mdomo."

Vifaranga walitoka katika zaidi ya nusu ya mayai. Wifi ndiye aliyewasikia kwanza wakilia ndani ya maganda, akamwita fundi kwa kelele hadi majirani wakatoka nje. Alichagua mmoja mweusi, akasema huyu ni wake, na asiguswe na mtu.

"Sawa, wifi," Bi Waya akajibu. Hata hivyo alimtazama kifaranga, akamtazama wifi, akajiuliza kwa nini hasa yule mweusi.